Moli na hesabu za kemia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyaokota katika tuisheni ya jioni hapa Umoja, Nairobi, ambako wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne huja na madaftari yaliyojaa alama za kukosa kando ya neno "moli". Mengine yameulizwa mara nyingi hivi kwamba siku hizi huyaandika ubaoni kabla mtu hajainua mkono. Kila jibu linajitegemea. Panapohitajika jambo lililokwisha kuelezwa, nimetaja namba ya swali. Mwenye haraka aanze na la 1, la 6 na la 8.

## Moli yenyewe

1. Moli ni nini hasa?

Nenda soko la Kamukunji ukanunue misumari. Hakuna atakayekuhesabia mmoja mmoja. Muuzaji anachota, anaweka kwenye mizani na kukutajia bei ya kilo. Fundi mzoefu anajua kwamba kilo ya inchi nne ina misumari michache kuliko kilo ya inchi mbili, kwa hiyo akitaka idadi sawa ya aina zote mbili ataagiza kilo nyingi zaidi za inchi nne. Anahesabu kwa mizani. Mwanakemia hufanya hivyo hivyo, ila misumari yake ni atomu na molekuli, ambazo hata angetaka kuzihesabu kwa kidole asingeweza.

Moli moja ni chembe 6.02 × 10²³. Ni idadi, kama vile dazeni ni 12 na trei ya mayai ni 30. Trei ya mayai ya kware na trei ya mayai ya kuku zina idadi ile ile, lakini jaribu kuzibeba zote mbili kutoka sokoni uone tofauti. Ndiyo maana moli ya kaboni ina gramu 12, na moli ya risasi (ile metali nzito, Pb) ina gramu 207.

2. Mbona namba yenyewe ni ya ajabu hivyo? Si wangechagua kitu rahisi kama milioni?

Ilichaguliwa ili kutuondolea kazi. Kwa namba hiyo, uzito wa atomu unaousoma kwenye jedwali la elementi unageuka kuwa gramu bila hesabu yoyote ya ziada: sodiamu ni 23 kwenye jedwali, na moli yake ina gramu 23. Tungechagua milioni, kila swali lingeanza kwa kuzidisha desimali zenye sufuri nyingi.

Zamani moli ilifafanuliwa kuwa idadi ya atomu zilizomo katika gramu 12 za kaboni-12. Tangu tarehe 20 Mei 2019 idadi yenyewe ndiyo iliyowekwa: 6.02214076 × 10²³ kamili. Kwenye mtihani tumia ile iliyoandikwa kwenye karatasi, hata kama ni 6.0 × 10²³.

Kwa anayetaka kuuona ukubwa wake: watu bilioni 8 wakihesabu kwa pamoja, kila mmoja chembe moja kwa sekunde, bila kulala wala kula, watamaliza moli moja baada ya zaidi ya miaka milioni mbili.

3. Avogadro ndiye aliyeihesabu?

Hapana, na hili huwashangaza wengi. Amedeo Avogadro, Muitaliano, alisema mwaka 1811 kwamba gesi zenye ujazo sawa, kwenye joto na shinikizo sawa, zina idadi sawa ya molekuli. Idadi ni ngapi, hakujua, na alifariki mwaka 1856 bila kuijua. Makadirio ya kwanza ya ukubwa wa molekuli, ambayo yalifungua njia ya kuipata, yalifanywa na Josef Loschmidt mwaka 1865. Jina la Avogadro liliwekwa na Mfaransa Jean Perrin mwaka 1909 kwa heshima yake. Kauli ya 1811 utaihitaji katika swali la 12.

4. "Moli moja ya oksijeni" ni gramu 16 au 32?

Uliza kwanza: moli ya nini? Atomu za oksijeni ni gramu 16. Gesi ya oksijeni, ile unayoivuta sasa hivi, hutembea mbili mbili kama O₂, kwa hiyo moli yake ni gramu 32. Mtihani ukisema "gesi ya oksijeni", chukua 32. Wenzake wenye tabia hiyo ni haidrojeni, nitrojeni, florini, klorini, bromini na iodini.

5. Kwa nini klorini ni 35.5? Kuna nusu ya protoni?

Hakuna. Klorini ya kawaida ni mchanganyiko: takriban robo tatu ya atomu zake ni klorini-35 (aina yenye uzito wa 35) na robo ni klorini-37. Wastani wake ni 35.5. Usiifanye 36 kwa kupenda namba nzima, maana kosa hilo litakufuata hadi mstari wa mwisho.

## Gramu kuwa moli, na moli kuwa gramu

6. Huwa nasahau: nigawanye au nizidishe?

Rudi kwa misumari. Una kilo kadhaa na unajua uzito wa msumari mmoja. Ukitaka idadi, utagawanya. Una idadi na unataka uzito, utazidisha. Basi. Moli = gramu ÷ uzito wa moli moja.

Chukua chupa ya maji ya nusu lita. Ina gramu 500 hivi. Moli ya maji, H₂O, ni 1 + 1 + 16 = gramu 18. Kwa hiyo 500 ÷ 18 = moli 27.8. Ukitaka molekuli zenyewe, zidisha kwa 6.02 × 10²³, upate kama 1.67 × 10²⁵.

Kisha tazama jibu lako kwa jicho la mtu wa dukani. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniletea jibu la moli 9,000 kwa chupa hiyo hiyo, alikuwa amezidisha. Moli 9,000 za maji ni zaidi ya lita 160. Hiyo si chupa, ni pipa.

7. Fomula ina mabano. Nianzie wapi?

Namba iliyo nje ya mabano huzidisha kila kilicho ndani. Ca(OH)₂ ina kalsiamu moja, oksijeni mbili, haidrojeni mbili: 40 + 32 + 2 = 74. Ile nukta ya katikati, kama kwenye CuSO₄·5H₂O, maana yake ni "pamoja na", si "mara". Ongeza maji matano, yaani 90.

## Milinganyo na uwiano

8. Kwa nini siwezi kutoka gramu za kitu hiki moja kwa moja hadi gramu za kile?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote, na hapa ndipo maksi nyingi huzikwa. Wanaokosa si kwamba hawajui kugawanya, wamekata njia.

Mtu wa Rongai anayeenda Kasarani, upande wa pili wa Nairobi, kwa matatu hushuka Railways, akavuka mji kwa miguu, kisha akapanda gari jingine upande wa pili. Kuna kupanda mara mbili, na katikati kuna kutembea. Hesabu ya mlinganyo ina safari hiyo hiyo: gramu zako zigeuze moli (gari la kwanza), vuka kwa kutumia uwiano wa mlinganyo (miguu), kisha moli mpya zigeuze gramu (gari la pili). Uwiano haufanyi kazi kwa gramu kamwe, kwa sababu mlinganyo unazungumza kwa idadi, na gramu si idadi.

Tuchukue mtungi wa gesi wa kilo 6, ule wa jikoni. Tuseme wote ni propani, ingawa mitungi yetu kwa kweli huwa na mchanganyiko wa propani na butani:

C₃H₈ + 5O₂ → 3CO₂ + 4H₂O

Propani ni gramu 44 kwa moli. Gramu 6,000 ÷ 44 = moli 136.4. Sasa vuka mji: kila propani moja hutoa kaboni dioksidi tatu, hivyo tuna moli 409.1 za CO₂. Panda gari la pili: 409.1 × 44 = gramu 18,000, yaani kilo 18.

Darasa hunyamaza hapo. Mtungi wa kilo 6 utatoaje kilo 18? Hewa ndiyo inayochangia. Kila propani inachukua oksijeni tano: moli 682 × 32, karibu kilo 21.8 za oksijeni kutoka jikoni kwako. Na maji yanayotoka ni kama kilo 9.8. Jumlisha: 6 + 21.8 kwa upande mmoja, 18 + 9.8 kwa upande wa pili. Zinakutana kwenye 27.8. Hizo kilo 21.8 za oksijeni ndizo sababu ya kuacha dirisha wazi unapopika, maana oksijeni ikipungua hutoka kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu inayoua.

9. Nikisawazisha mlinganyo, kwa nini nisibadilishe zile namba ndogo za chini?

Kwa sababu utakuwa umebadilisha kitu chenyewe. H₂O ni maji. H₂O₂ ni dawa ya kusafisha vidonda na kung'arisha nywele. Unaruhusiwa kubadilisha namba ya mbele tu, yaani unaongeza idadi ya vikombe, hubadilishi kilichomo. Anza na elementi inayoonekana mara moja kila upande, na uache oksijeni na haidrojeni mwisho.

10. Nimepewa uzito wa vitu viwili. Nitumie kipi?

Kinachoisha kwanza. Fundi wa jiko ana miili 20 na miguu 45, na kila jiko linahitaji miguu mitatu. Atatengeneza majiko 15. Miili mitano itabaki imekaa. Miguu ilikuwa mingi kwa idadi, lakini ndiyo iliyoisha. Usiangalie kipi ni kidogo. Angalia kipi hakitoshi ukilinganisha na mahitaji.

Mfano: gramu 2.4 za magnesiamu kwenye sentimita za ujazo 50 za asidi ya haidrokloriki ya moli 2 kwa lita.

Mg + 2HCl → MgCl₂ + H₂

Magnesiamu: 2.4 ÷ 24 = moli 0.1. Asidi: 2 × 50 ÷ 1,000 = moli 0.1. Zinafanana, na hapo mtego unafunga. Magnesiamu moli 0.1 ingehitaji asidi moli 0.2, na tuna nusu yake. Asidi ndiyo inayoisha. Haidrojeni inayotoka ni moli 0.05, na magnesiamu moli 0.05, yaani gramu 1.2, itabaki inakutazama chini ya kopo.

11. Nimepata zao (kiasi kilichopatikana ukilinganisha na cha hesabu) zaidi ya asilimia 100. Inawezekana?

Haiwezekani. Karibu kila mara ni maji: hukukausha vizuri. Zao ulilotarajia likiwa gramu 8 na ukapata 7.2, hiyo ni asilimia 90, na ni kazi nzuri. Sehemu fulani hubaki kwenye karatasi ya kuchujia, nyingine kwenye kopo.

## Gesi

12. Ni lita 22.4 au 24?

Zote ni sahihi, kila moja mahali pake. Moli moja ya gesi yoyote huchukua lita 22.4 kwenye nyuzi 0 na shinikizo la kawaida la usawa wa bahari, na takriban lita 24 kwenye joto la chumba na shinikizo hilo hilo. Karatasi ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, hukupa inayotakiwa. Soma mstari wa mabano mwishoni mwa swali kabla hujaanza.

Kwa kuwa gesi zote zina idadi sawa katika ujazo sawa (swali la 3), hesabu ya gesi kwa gesi ndiyo pekee unayoweza kuruka safari ya matatu: ujazo hufuata namba za mbele moja kwa moja. Lita 10 za propani huhitaji lita 50 za oksijeni. Usilipeleke hilo kwenye vimiminika wala vitu vigumu.

13. Tulifanya jaribio shuleni tukapata gesi nyingi kuliko hesabu. Tulikosea wapi?

Pengine hamkukosea. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu inasukuma kwa kilopaskali (kipimo cha shinikizo) 83 hivi, badala ya 101 ya pwani. Gesi isiyobanwa sana hutanuka. Hapa, kwenye nyuzi 20, moli moja huchukua lita 29 na kitu. Mwenzako wa Mombasa, hata na joto lake la nyuzi 30, atapata kama 25.

Ile haidrojeni ya swali la 10, moli 0.05, kwenye karatasi ni lita 1.2. Ukiikusanya hapa mjini utapata karibu lita 1.5. Hali hii ndiyo inayofanya maji ya chai yachemke hapa kwenye nyuzi 94 au 95 na maharagwe yakaidi. Mtihani lakini uko kwenye usawa wa bahari daima. Andika ile uliyopewa kwenye karatasi usonge mbele, ila ujue ukweli wa mlima wako.

## Mimumunyo na titresheni

14. Nifuate hatua gani kwenye hesabu za titresheni?

Titresheni ni kumimina mmumunyo unaoujua kidogo kidogo hadi umalize ule usioujua. Anza na chupa unayoijua kila kitu, ukolezi (moli kwa lita) na ujazo. Tuseme bureti (mrija wenye alama za ujazo) ina asidi ya haidrokloriki ya moli 0.1 kwa lita, na umetumia sentimita za ujazo 24.0 kumaliza 25.0 za sodiamu kaboneti.

Na₂CO₃ + 2HCl → 2NaCl + H₂O + CO₂

Asidi: 0.1 × 24.0 ÷ 1,000 = moli 0.0024. Vuka: kaboneti ni nusu yake, moli 0.0012. Hizo zimo kwenye sentimita 25, kwa hiyo kwa lita moja ni 0.0012 × 1,000 ÷ 25 = moli 0.048. Ukitaka gramu, zidisha kwa 106: gramu 5.09 kwa lita.

Ikiwa ulianza kwa kuyeyusha gramu 6.0 za soda chafu katika lita hiyo, usafi wake ni 5.09 ÷ 6.0, karibu asilimia 85. Ni mstari mmoja tu zaidi, lakini wengi huuacha mtupu kwa hofu.

15. Kaka yangu alinifundisha M₁V₁ = M₂V₂. Mbona wewe unaikataza?

Siikatazi, naikataza kwenye titresheni. Ni fomula (M ni ukolezi, V ni ujazo) ya kuongeza maji kwenye mmumunyo ule ule, ambapo moli hazibadiliki. Itumie kwenye mfano wa swali la 14 upate 0.096, mara mbili ya jibu sahihi, kwa sababu fomula haijui kwamba kaboneti moja inameza asidi mbili. Kwa asidi na alkali zinazokutana moja kwa moja itakupa jibu sahihi, na hiyo ndiyo hatari yake: inakuzoesha.

## Yanayowasumbua hata waliobobea

16. Natafuta fomula, na uwiano wa atomu umetoka 1 kwa 1.5. Niufanye 1 kwa 2?

Hapana. Oksidi ya chuma yenye chuma asilimia 70 na oksijeni asilimia 30: 70 ÷ 56 = 1.25, na 30 ÷ 16 = 1.875. Gawanya zote kwa ndogo upate 1 na 1.5. Zidisha zote kwa 2: Fe₂O₃. Makadirio yanaruhusiwa kwa 1.98 au 3.03, lakini kwa .5, .33 na .25 zidisha.

Pia fomula rahisi si lazima iwe fomula ya kweli. CH₂O ni fomula rahisi ya glukosi, na pia ya asidi iliyo kwenye siki. Uzito wa moli ndio unaoamua: 180 ÷ 30 ni 6, hivyo C₆H₁₂O₆, 60 ÷ 30 ni 2, hivyo C₂H₄O₂.

17. Nikate desimali wakati gani?

Mwishoni. Ukiacha moli 136.36 ziwe 136 katikati ya njia, utakuja kushangaa jibu lako halifanani na la jirani. Acha namba kwenye kikokotoo.

18. Magadi ya kupikia ndiyo sodiamu kaboneti ya maabara?

Ni ndugu, si yule yule. Kinachochimbwa Ziwa Magadi ni trona, Na₂CO₃·NaHCO₃·2H₂O, yenye gramu 226 kwa moli. Ndani yake kuna kaboneti moja na bikaboneti moja, kwa hiyo moli moja humeza asidi ya haidrokloriki moli tatu, si mbili. Mwanafunzi anayeleta magadi ya nyumbani na kutumia mlinganyo wa swali la 14 hupata majibu yasiyoeleweka, kisha analaumu bureti.

Trona ikichomwa inakuwa soda kamili:

2(Na₂CO₃·NaHCO₃·2H₂O) → 3Na₂CO₃ + 5H₂O + CO₂

Gramu 452 zinaingia. 318 za soda, 90 za mvuke na 44 za kaboni dioksidi zinatoka. Kwa hiyo tani moja ya trona safi haiwezi kutoa zaidi ya kilo 704 za soda, hata tanuri liwe zuri namna gani. Ijaribu mwenyewe kwa njia ya swali la 8 kabla ya kuniamini.